Askari wa Sponji

Mimi ni fundi wa friji, na kazi ya friji ni kazi ya kurudiwa. Unaitengeneza leo, mwenyewe anaondoka akikubariki, na kabla hujasahau sura yake amerudi amefura kwa hasira kwa sababu samaki wake wameoza. Nimefanya kazi hii hapa Kisumu tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi, na sijawahi kuona friji iliyopona kabisa. Huwa zinapata nafuu tu, kama wazee.

Nadhani ndiyo sababu nilianza kutengeneza mavazi ya vita ya watu wa anga za juu. Watu wakiniuliza, huwa nawaambia ni mambo ya sinema, kwamba nikiwa kijana nilitoroka shule kwenda kwenye vibanda vya video kutazama wanajeshi wa chuma wakishuka kutoka kwenye nyota. Hiyo ni kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimechoka na vitu vinavyofanya kazi. Nilitaka kutengeneza kitu kisichofanya kazi yoyote, ili kisiharibike, ili mtu asije kunigongea mlango Jumapili akiwa amekibeba.

Vifaa nilivipata papa hapa mjini. Ile mikeka ya sponji ngumu ambayo watu huwatandikia watoto sakafuni ndiyo nyama ya kazi yenyewe. Ukiipasha moto inalegea, ukiikunja juu ya goti inakunjika, na ikipoa inashika umbo hilo hilo. Moto nilikuwa nao, kichomeo kile kile ninachounganishia mabomba ya friji, ila ilibidi nijifunze kukiweka mbali, maana kikisogea karibu sponji inajikunyata na kunuka hadi majirani wanakohoa. Gundi ni ile ya mafundi viatu. Rangi ya fedha ilitoka kwa jamaa wanaopaka tuktuk, na ikishakauka nilisugua rangi nyeusi ya viatu kwenye mikwaruzo ili bamba lionekane limetoka vitani. Kioo cha mbele ya kofia kilikuwa droo ya mboga ya friji iliyokufa. Ukilitazama vazi kwa mbali ungeapa ni chuma. Ukiliinua, ni jepesi kuliko blanketi.

Askari wangu hakutoka kwenye sinema yoyote. Nilimbuni mwenyewe, kidogo kidogo, wakati friji za watu zikijaribiwa ukutani na kunguruma. Kuna vijana Nairobi ambao hukutana wakiwa wamevaa vitu kama hivi, wakatembea na kupiga picha, na kila mwaka nilisema nitaenda. Kila mwaka kuna friji ya mtu iliyonizuia. Mke wangu alikuwa na jibu moja kwa wageni walioshtuka kuona mguu wa fedha chini ya meza yetu.

"Wengine wako na pombe," aliwaambia. "Huyu ako na sponji."

Baba alikuja kukaa nasi mjini alipoanza kuugua figo, ili awe karibu na hospitali. Mama alibaki nyumbani, uwanda wa Kano, kati ya Ahero na Awasi, kwa sababu ng'ombe na kuku hawawezi kuachwa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa amelima mpunga maisha yake yote, na mjini hakuwa na la kufanya zaidi ya kuketi kwenye stuli ya chumba changu cha kazi na kutazama mikono yangu. Hakuniuliza natengeneza nini. Nikimpa bamba alishike gundi ikiwa inakauka, alilishika, na alilishika sawasawa, bila kutikisika, hata baada ya mimi kusahau kwamba bado amelishika.

Ukitaka vazi likae mwilini, lazima ulikate kwa kipimo cha mwili wenyewe. Unamvalisha mtu shati kuukuu, unamzungushia nailoni, unamfunga selotepu pana kuanzia kiunoni hadi shingoni, unachora mistari ya mabamba juu yake kwa kalamu nzito, kisha unamfungua kwa mkasi kama unavyochuna ngozi. Yale maganda ukiyalaza juu ya sponji unapata vipimo ambavyo hakuna futi itakayokupa. Shida ni kwamba huwezi kujifunga mwenyewe mgongo. Mke wangu hakuwa na muda wa mchezo huo, na rafiki zangu walicheka na kujipindapinda. Baba ndiye alisimama. Kila mtu alikuwa akisema mimi na yeye tuna kifua kimoja, kwa hiyo nilimfunga yeye. Alisimama katikati ya chumba, amenyoosha mikono pembeni, amegeuka wa kahawia mwili mzima kwa selotepu, akitazama ukuta. Mazoea ya kusimama anayo mtu aliyesimama kwenye tope la mpunga tangu utotoni.

Nilipoyaunganisha mabamba niliona kosa. Bega la kushoto lilishuka. Nilidhani nimepima vibaya, nikapima tena, kisha nikamtazama Baba alivyoketi na nikacheka. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kwa sababu magunia yote ya mpunga aliyowahi kubeba aliyabebea hapo. Nilikuwa nalijua bega hilo maisha yangu yote bila kulitazama. Mama alikuwa akilishughulikia kila Jumapili kabla ya kanisa. Alimsimamisha mlangoni, akalivuta shati upande wa kushoto likae sawa, akalipigapiga kwa kiganja, na kabla hawajafika kwenye lango la boma shati lilikuwa limeteleza tena. Hakuacha kulivuta. Sijui kama aliwahi kutegemea lingekaa.

Nilijaribu kulirekebisha. Niliongeza mkanda, nikaweka kifungo, nikatia sponji nyingine chini yake. Bado lilishuka. Njia pekee ilikuwa kukata kifua na mgongo upya.

"Wacha tu," Baba alisema kutoka kwenye stuli. "Hata askari anachoka."

Halafu, kwa kuwa tayari alikuwa ameanza kusema, aliuliza swali la kwanza alilowahi kuniuliza kuhusu kazi ile.

"Hii askari yako inapigana na nani?"

"Hapigani na mtu, Baba. Ni ya kuvaa tu."

Alilitazama vazi lote. "Sasa amevaa hivyo kwa nini?"

Nilimwambia ni mapambo. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, jinsi unavyomwitikia mgeni anayekueleza dini yake, akachukua bamba la paja na kuendelea kulishika.

Baadaye alikonda. Kifua nilichokuwa nimekifunga selotepu kilipotea mbele ya macho yetu, pakabaki mifupa na shati. Vazi lilining'inia ukutani likiwa na mwili wake wa mwaka uliopita, na mwenyewe akawa anakaa chini yake. Sikupenda kutazama upande huo. Aliaga dunia asubuhi moja ya mvua, na mimi nilikuwa Manyatta nimelala chali nyuma ya friji ya mama anayeuza soda, nikitafuta gesi inapovuja. Simu ililia mfukoni nikaiacha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta.

Sitaeleza maziko. Mtu wa kwetu anajua uchovu wake, na asiyejua hatauamini: vikao, hema, jenereta, wageni wanaotaka kujua watalala wapi, wageni wanaotaka kujua kwa nini wale wengine wamepewa magodoro. Mimi ni kifungua mimba. Kila swali lilikuja kwangu. Nilimzika Baba bila kupata nafasi ya kumfikiria.

Lakini kwetu mwanaume mwenye boma hazikwi tu akaachwa. Baada ya kaburi kufunikwa, ng'ombe hutolewa, wanaume hushika mikuki na marungu, huvaa vya kutisha, na wote hukimbia hadi mpakani wakipiga kelele, kukifukuza kifo kitoke nyumbani kiende zake nyikani. Ng'ombe wakishafika huko ndipo hurudi, na boma linakuwa limesafika. Tunaita tero buru. Mama ni mtu wa kanisa, wa kitambaa cheupe na kiti cha mbele, lakini jambo hilo alilitaka. "Pasta ameomba, sawa," aliniambia. "Lakini baba yenu mumsindikize. Nisikae hapa namngojea."

Maneno hayo ya mwisho niliyaelewa baadaye.

Baba mdogo, yaani mdogo wake Baba, ndiye aliyesimamia shughuli hiyo. Ni mzee mwenye sauti kubwa na viatu vya mpira, na alikuwa na shida moja: ngao ya babu ilikuwa imeliwa na mchwa, na lile joho la ngozi lilikuwa limepotelea kusikojulikana. Binamu zangu walikuwa wamejipanga na kofia za bodaboda, jezi za mpira na matawi ya miti. Alinitazama mimi niliyevaa shati la maziko.

"Wewe ndio mkubwa. Utatangulia na shati?"

"Baba mdogo, nimechoka."

"Ile nguo yako ya vita niliiona nikikuja kumsalimia ndugu yangu. Iko wapi?"

Ilikuwa Kisumu. Alituma mtu wa pikipiki akailete, na ikaja kwenye magunia mawili ya mpunga, pamoja na kofia. Ningeweza kukataa. Nguvu ya kukataa ndiyo sikuwa nayo. Nilivaa nyuma ya jiko, binamu zangu wakinifunga mikanda na kusema yawa, yawa, kwa mshangao, na nikatoka nje nikiwa askari wa fedha mwenye bega moja chini. Baba mdogo alinizunguka, akanigonga kifuani, akaridhika sana.

"Hii, hata kifo ikiona itahama wilaya," alisema.

Ndani ya sponji kulikuwa na joto la tanuri. Jua la Kano mchana halina huruma, na kioo cha kofia kilijaa ukungu wa pumzi yangu. Waliniweka mbele kabisa, njiani, mahali njia inapokata kuelekea kwenye mfereji ambao ndio mpaka wetu na mashamba ya mpunga. Nyuma yangu, nilisikia lango likifunguliwa, kelele zikipanda, kwato zikianza kupiga ardhi. Nikageuka na kuinua mkuki, kama nilivyoambiwa.

Sote tulikuwa tumefikiria jinsi kifo kitakavyoshtuka. Hakuna hata mmoja, katika boma zima la watu waliofuga ng'ombe tangu kuzaliwa, aliyewafikiria ng'ombe.

Aliyetangulia alikuwa fahali wa Baba wa kulimia, mnyama mpole ambaye nimemkuna shingo mara nyingi. Aliona kitu kinachong'aa kisicho na uso kimesimama njiani na mkuki juu. Alisimama, waliokuwa nyuma wakamgonga, naye akageuka. Kundi lote likageuka naye. Walipita katikati ya wanaume waliokuwa wakiwafukuza, wakapita kwenye ua, si langoni, wakaingia bomani na kuangusha hema na masufuria ya chai, na hawakusimama hadi walipofika kando ya kaburi. Huko walisimama wakihema juu ya udongo mbichi.

Tulikuwa tumetoka kukifukuza kifo, na kabla hatujafika popote kilikuwa kimerudi mbio na ng'ombe wote.

Nilikimbia nyuma yao. Sikuona mbele vizuri. Niliingia uani nikihema ndani ya kofia, mikono pembeni kwa sababu mabamba ya kwapani hayakuruhusu mikono kushuka, na wanawake waliokuwa wameketi mbele ya nyumba walitawanyika wakipiga mayowe. Mama hakutawanyika. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ujane bila kulia, kama alivyokaa siku zote hizo, na sasa alisimama. Nilimwona kupitia ukungu akinijia polepole. Aliponifikia alinyoosha mkono, akalishika bamba la bega la kushoto, akalivuta juu likae sawa, akalipigapiga kwa kiganja.

"Mzee," alisema.

Nilijaribu kuvua kofia na vidole vya sponji vikateleza. Alilivuta bega tena, maana lilikuwa limeshuka, na safari hii kiganja chake kilihisi ulaini wake. Alilibonyeza. Nilipofanikiwa kuitoa kofia alinitazama usoni kwa muda mrefu, na niliona vile alivyomtafuta Baba mahali nilipokuwa na akanipata mimi tu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Mama."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akiwa bado ameshika lile bega, na mimi nilisimama nikitiririka jasho, nikiwa na mwili wa baba yangu juu ya wangu, na sikujua kama nimemfanyia ukatili au wema. Hata leo sijui.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama mezani na vikombe viwili vya chai. Kimoja chake, na kimoja cha bati chenye kifuniko, ambacho Baba pekee ndiye aliyekitumia. Alikuwa amekijaza. Nilidhani ni changu, nikavuta kiti, naye akaweka mkono juu ya kifuniko. Vazi langu lilikuwa limeegemezwa kwenye kona ya sebule. Lilikuwa limefutwa vumbi. Aliketi akiwa amelielekea.

Baba mdogo alinikuta nje nikiwa nimeinama, nikijifanya natengeneza ua.

"Jana hatujafukuza kitu," alisema. "Tumeenda tu kukichukua tukakileta. Leo tunarudia, na hiyo nguo inaenda. Kitu imerudi hivyo inapelekwa na inaachwa huko."

Nilikasirika. Nilikuwa na hasira ya wiki zote zile na ilitokea hapo. "Baba mdogo, ni sponji. Ni mikeka ya watoto na gundi ya viatu. Nimeitengeneza kwa mikono yangu, miaka. Na ni wewe ulisema niilete!"

Hakupandisha sauti, jambo lililonishtua, akaniita omera kama ndugu yake. "Najua ni sponji, omera. Nimeishika. Lakini mama yako ameshika nini?"

Nilitazama ndani kupitia mlangoni. Kikombe cha bati kilikuwa kimefunuliwa, chai bado inatoa moshi, na Mama alikuwa anaingojea inywewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote, na hakukuwa na fundi wa kuiita. Nikilibakiza vazi, Mama angeendelea kuketi mbele yake na kumimina chai. Nikilipeleka, lingekwenda na kifua cha Baba, mgongo wake, bega lake, vilivyopimwa akiwa mzima, na hakuna mahali pengine duniani vilipobaki. Picha zake zote ni za usoni.

Niliingia, nikachuchumaa mbele yake. "Mama, wazee wanasema nguo iende."

Aliniuliza kitu kimoja. "Lazima?"

"Ulisema usikae hapa unamngojea."

Alilitazama vazi pale kwenye kona. Halafu akakichukua kile kikombe, akainywa mwenyewe chai yote, akakigeuza juu chini mezani. "Basi mtembeze polepole," alisema. "Msimkimbize."

Ng'ombe safari hiyo hawakutuletea shida. Walikwenda njia yao wakitingisha masikio, wanaume wakikimbia kando yao na kelele za kutosha, wala si nyingi, kwa sababu kila mtu alikuwa amechoka. Mimi nilitembea nyuma na gunia mgongoni. Nilivuka mfereji peke yangu, upande wa pili ambako si kwetu tena, nikayatoa mabamba kwenye nyasi. Niliyapanga jinsi mtu anavyolala, kifua, mabega, mapaja, kisha nikaona siwezi kuondoka yakiwa hivyo, nikayarundika. Niliporudi bomani Mama alikuwa anapepeta mchele.

Kofia haikuwemo guniani. Niliikata kwa kipimo cha kichwa changu, si chake, na nilijiambia kwamba kilichorudi siku ile kilikuwa kifua na mabega. Niliirudisha Kisumu chini ya nguo, nikaiweka juu ya kabati. Sikutengeneza kitu kingine baada ya hapo. Ukuta wa chumba cha kazi ulijaa mota za friji za watu, na mke wangu, ambaye ningedhani angefurahi, aliniuliza mara mbili tatu kama sponji zimeadimika sokoni.

Miezi ilipita. Mpunga wa Ahero ulipoanza kutia maziwa, wakati ambapo ndege wadogo huja kwa maelfu kuunyonya, nilienda kumchukua Mama nyumbani nimpeleke kliniki ya macho. Tulikodi tuktuk. Tulikuwa tunapita kando ya mashamba, watoto wa watu wakipiga madebe na kurusha udongo, Mama aliponishika mkono.

"Mwambie asimame."

Askari wangu alikuwa amesimama katikati ya mpunga. Mtu alikuwa ameyaokota yale mabamba, akayafunga kwenye miti iliyofungwa msalaba, akajaza majani ya mpunga ndani. Rangi ya fedha ilikuwa imechubuka na jua, nyeusi ya viatu ilikuwa imeoshwa na mvua, na upepo ulimtikisa kidogo. Shingoni palikuwa na kijiti kitupu. Bega la kushoto lilikuwa chini.

Nilingojea Mama alie. Macho yake yalikuwa mabovu, ndiyo sababu ya safari yenyewe, lakini alimtazama bila kuuliza ni nini.

"Anafanya nini huko?"

"Anafukuza ndege, Mama."

Alicheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi na kikavu, lakini kilikuwa kicheko. "Alikuwa anachukia hao ndege," alisema. Dereva wa tuktuk alitugeukia, akaona si mambo yake, akarudi kutazama barabara.

Mama alikaa akitazama. Halafu akasema, kwa neno la kanisani, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo, "Na jua yote hii, hana chapeo."

Nilijifanya natazama watoto na madebe yao.

"Iko wapi?"

"Kisumu. Juu ya kabati."

"Umletee," alisema, na akamwambia dereva aendelee.

Nilimletea Jumamosi iliyofuata, nikiwa na mteja Awasi aliyekuwa akinipigia simu tangu alfajiri kuhusu friji niliyoitengeneza juzi. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope. Mwenye shamba, mama mmoja aliyekuwa na debe na fimbo, alinipigia kelele kutoka ukingoni.

"We baba! Unaenda kuchukua hiyo mtu yangu?"

"Namvalisha kofia tu."

Alishusha fimbo. "Ni wako?"

"Ni Baba," nilisema. Hakuna kingine kilichonijia.

Mwenye shamba hakushangaa, au alikuwa amechoka sana kushangaa. Alisema tu kwamba tangu amsimamishe pale ndege wamepunguza kidogo, si sana, lakini kidogo. Nikafikiria lile swali la kwenye stuli, hii askari inapigana na nani, na kwamba mtu aliyeuliza angefurahia jibu, maana alipigana nao maisha yake yote kwa kombeo na madebe.

Niliweka kofia juu ya kijiti, nikaishindilia majani isizunguke. Haikumkaa vizuri, maana yeye hana kichwa. Kisha nikalivuta lile bamba la kushoto juu likae sawa, nikalipigapiga kwa kiganja. Likashuka kabla sijaondoa mkono, na sikulivuta tena.